OILI YA DIFU SI DENI LA DEREVA



Tumepokea tena malalamiko ya dereva aliyekatwa mshahara kwa sababu difu ya nyuma ya pikapu ilikufa njiani. Jina la kampuni hatulitaji, maana shauri lenyewe bado liko mezani, lakini wenye kampuni wakisoma watajijua. Pikapu ilitoka Nakuru imejazwa mbolea kupita kiasi, ikapanda kuelekea Mau Summit, ikaanza kulia kwa nyuma, na kabla ya kufika juu ikakataa kusogea, injini yanguruma bure. Fundi alipoifungua difu alikuta oili kidogo nyeusi kama lami, na meno ya pinioni yameliwa. Siku ya pili dereva akapewa barua ya kujieleza. Mwisho wa mwezi akakatwa. Meneja asema gari lilikuwa mikononi mwake.

Sisi twauliza: mikononi mwake kulikuwa na nini? Kulikuwa na usukani na gea. Injini ina kijiti cha kupimia oili, tena ina taa nyekundu mbele ya macho ya dereva. Difu haina kijiti wala taa. Ni chungu cha chuma kilichofungwa katikati ya ekseli ya nyuma, na atakaye kujua kilichomo lazima alale chini ya gari na spana, afungue kizibo, atie kidole. Sasa mtu anayepewa ufunguo saa kumi na moja alfajiri, na kuambiwa mzigo uwe Kericho saa mbili, atalala chini ya gari saa ngapi?

Kazi ya kubadilisha oili hii si uganga. Twaieleza hapa kusudi mwanachama asidanganywe na mtu yeyote mwenye tai. Gari huendeshwa kwanza mwendo mfupi ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, kisha husimamishwa mahali tambarare. Kizibo cha kujazia, kile cha juu, ndicho cha kufunguliwa kwanza. Kikikataa kwa kutu, kazi isimame hapo hapo, maana ukishamwaga oili yote na huna pa kujazia umebaki na gari lisiloweza kutoka gereji. Baadaye ndipo hufunguliwa kizibo cha chini. Mara nyingi kizibo hicho kina sumaku, na sumaku haisemi uwongo: matope laini ya kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vyasema difu ifunguliwe. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Oili mpya hujazwa mpaka ianze kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu la juu, basi.

Oili yenyewe si ya kubahatisha. Meno ya kraun na pinioni husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, ndiyo sababu vitabu vya pikapu nyingi hutaka oili ya daraja la GL-5, kama 80W-90 au 85W-90. Oili ya injini iliyobaki kwenye debe haifai, wala oili iliyomwagwa kutoka gari jingine na kuchujwa kwa kitambaa. Debe la namna hiyo tumeliona kwa macho yetu, limeandikwa kwa chaki "difu".

Na kuna kitu kidogo ambacho ofisi haijapata kukiuliza: kipumulio cha ekseli. Kikizibwa na matope, hewa iliyopata joto ndani hukosa pa kutokea, ikaisukuma oili kupita kwenye sili hadi kwenye breki za nyuma. Hapo si chuma tu kilicho hatarini. Dereva anayeteremka mlima na mzigo, breki zimelowa oili, hana wa kumpelekea barua ya kujieleza.

Wako mabwana wasemao kwamba oili ya difu hujazwa kiwandani na hudumu maisha yote ya gari. Maisha ya gari lipi? Gari la meneja liendalo ofisini na kanisani, au pikapu yetu? Kitabu kikiandika kilomita 40,000, hesabu hiyo ni ya kazi ya kawaida. Kwa magari ya mizigo mizito, vumbi na matope, hesabu hushushwa, na ukurasa huo ndio wetu. Pikapu nyingi hutaka lita mbili tatu tu. Bei yake haifiki bei ya tairi moja jipya. Lakini pesa hizo ofisi yaona ni hasara, na difu nzima yaona ni deni la dereva!

Sheria haikusema hivyo. Sehemu ya 19 ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa mfanyakazi amefanya kosa la kusudi. La kusudi, mabwana. Dereva hakuficha oili, hakukataa gari lisipelekwe gereji. Aliandika mara mbili katika wok-tiketi kwamba nyuma kunalia. Nani aliyesoma?

Tusiwasahau mafundi, hasa wale vibarua wa gereji. Huambiwa waingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki moja juu ya jiwe, bila stendi, bila glavu, na mara nyingi jioni wakati saa za kazi zimekwisha na hakuna ovataimu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, imemwekea tajiri wajibu wa kulinda maisha yao. Stendi mbili za chuma si anasa. Na ile oili chakavu iwekwe kwenye pipa lenye mfuniko, isimwagwe kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba za wafanyakazi wenyewe.

Neno moja kwa wenzetu wengine, nalo si tamu. Wako madereva wanaotia sahihi karatasi ya sevisi kwamba oili ya difu imebadilishwa, na hawakuona kizibo kikifunguliwa. Hutia sahihi ili waondoke mapema. Karatasi hiyo ndiyo atakayoileta tajiri mbele ya mahakama, na chama kitakuwa na kazi ngumu sana ya kuijibu.

Kwa hiyo twadai haya: kila gari liwe na daftari lake la oili ya difu, lenye kilomita, tarehe na sahihi ya fundi aliyefanya kazi, wok-tiketi yenye malalamiko ijibiwe kwa maandishi kabla gari halijapakiwa tena, na pesa alizokatwa ndugu yetu zirudishwe zote.

Kila dereva aliyekatwa kwa jambo la difu alete karatasi yake ya mshahara na nakala za wok-tiketi kwa mwakilishi wa chama kazini kwake kabla hatujakutana na matajiri. Asiye na nakala aanze leo kuzipiga picha kwa simu, kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari.