Umeme Usisingiziwe Kila Kosa la Kompyuta

Watu wa Unguja wana sababu ya kuushuku umeme. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 nishati iliyokuwa ikiletwa kutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari ilikatika, na kwa muda wa miezi mitatu hivi Mji Mkongwe ulitegemea jenereta na taa za mafuta. Kebo mpya yenye uwezo mkubwa zaidi ilizinduliwa mwaka 2013, lakini mazoea ya kushuku hayakuondoka. Si ajabu basi, kompyuta inapogoma katika ofisi ya Vuga au Malindi, kusikia kwamba umeme ndio ulioiharibu. Yupo mkosaji mwingine ambaye husahauliwa, naye ni maandishi ya mtumiaji mwenyewe.

Katika mashine zinazotumia mfumo wa Linux, msimamizi huitawala mashine kwa maandishi, kupitia programu iitwayo ganda la amri. (Wapo wasemao “sheli”, ila neno hilo humpeleka msikilizaji kwenye kituo cha petroli.) Ganda lililoenea zaidi ni Bash, lililoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Mtumiaji anaruhusiwa kujitungia amri zake humo: huzikusanya amri kadhaa, akazifunga pamoja na kuzipa jina moja. Fungu la namna hiyo huitwa fanksheni, nalo huhifadhiwa katika faili ambalo ganda hulisoma kila linapofunguliwa.

Hapo ndipo balaa huweza kuingia. Na ichukuliwe kuwa msimamizi ametunga fanksheni aliyoipa jina “cd”, yaani jina lile lile la amri ya kuhamia jalada jingine, akikusudia kwamba kila akihama aonyeshwe pia orodha ya vilivyomo. Ndani ya fanksheni hiyo ameandika “cd”. Ganda, linapokutana na jina, hutazama fanksheni kwanza kabla ya amri zake lenyewe; kwa hiyo fanksheni hujiita, ikiitwa hujiita tena, wala hapana wa kuizuia. Kila mwito huchukua kipande cha kumbukumbu ya mashine. Nafasi iliyotengwa ikijaa, mfumo huliua ganda na kuacha maneno mawili ya Kiingereza, “Segmentation fault”, yasiyomweleza mtu chochote. Kuitunga tu fanksheni hakuleti madhara. Lakini ikiwa mstari wa mwisho wa faili lile lile unaitumia “cd”, ganda litakufa kila likifunguliwa, na msimamizi atakuwa amefungiwa nje ya nyumba yake.

Umeme uliokatika katikati ya kuandika huweza kweli kuliacha faili nusu. Hata hivyo, faili lililokatika namna hiyo kwa kawaida hulifanya ganda lilalamike, likitaja mstari wenye kasoro, kisha liendelee kungoja amri. Kulalamika na kufa ni dalili mbili tofauti, na fundi asiyezitenganisha atatibu ugonjwa usiokuwapo.

Dawa inayokimbiliwa upesi ni kufuta kila kitu na kuuweka mfumo upya. Dawa hiyo ni mbaya. Hupoteza kazi ya watu, pengine daftari zima la wagonjwa au la mizigo ya bandarini, na hupoteza pia ushahidi wa kosa. Kisha msimamizi huyo huyo huirudisha fanksheni ile ile kutoka kwenye nakala yake, na ganda hufa tena.

Fundi wa umeme anayejua kazi, akikuta fyuzi kubwa ya nyumba inakatika kila ikiwashwa, hazing’oi nyaya zote. Hutoa fyuzi ndogo, akazirudisha kwa mafungu mpaka ampate mkosaji. Na ganda litendewe hivyo. Lifunguliwe kwa amri “bash --norc --noprofile”, ambayo huliamsha bila kusoma faili la mtumiaji. Asiyeweza kuingia kabisa apitie akaunti nyingine ya usimamizi na kulibadilisha jina faili hilo. Kisha fanksheni zirudishwe nusu kwa nusu. Zikiwa 64 na mkosaji ni mmoja, majaribio sita yanatosha kumkamata. Akipatikana, ndani yake iandikwe “builtin cd” mahali pa “cd”, na ganda litatumia amri yake la asili. Aidha, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2011, Bash ina kipimo kiitwacho FUNCNEST kinachoweka kikomo cha fanksheni kuitana. Kikiwekwa 100, ganda hukataa na kueleza kosa badala ya kufa. Ni jambo la kulaumiwa kwamba kikomo hicho hakiwekwi tangu mwanzo.

Yawezekana pia ganda lenyewe likawa na kosa. Mwezi Septemba 2014 Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash, ilipopokea fanksheni kutoka programu nyingine, ilitekeleza pia maneno yaliyofuata baada ya fanksheni hiyo kwisha. Mgeni aliye mbali aliweza kuutumia mlango huo kuiamuru mashine isiyo yake. Kosa hilo lilikuwamo tangu mwaka 1989, na kiraka cha kwanza kilichotolewa hakikutosha. Vingine vilifuata mnamo siku chache. Halikugunduliwa kwa kufuta mashine.

Yafaa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Mbweni viupe ufundi huu nafasi katika mitihani. Kukariri orodha ya amri ni kazi nyepesi. Mwanafunzi apewe mashine ambayo ganda lake hufa kila likifunguliwa, atakiwe kuifufua bila kupoteza faili hata moja, na aandike kwa Kiswahili kila hatua aliyoipitia na sababu yake.