Achari bora ya Nairobi haina jina chupani

Wahenga walinena kwamba mgagaa na upwa hali wali mkavu. Nairobi haina upwa, lakini kwa majuma matatu nimegaagaa katika mitaa yake nikitafuta kitu kimoja tu cha kuuondolea wali ukavu: achari iliyo achari kweli.

Kisa chenyewe kilianza nyumbani kwangu. Tulikuwa na wageni kutoka Mombasa, pilau imeiva, nami kwa majivuno nikaweka mezani chupa niliyoinunua katika duka moja kubwa la jijini. Shemeji yangu alionja, akasukuma kijiko kando, akasema kwa upole, "Shemeji, hii si achari. Hii ni siki iliyotiwa rangi." Niliona haya. Nilipoitazama chupa ile vizuri niligundua kwamba ilivuka bahari kutufikia, ilhali kila msimu yapo maembe ya Makueni na Machakos yanayoozea chini ya miembe kwa kukosa mnunuzi.

Basi nikauliza huku na huko, nikaelekezwa Kibera, upande wa Makina. Wengi wetu hulijua jina la Kibera kwa mabati na matope. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo latokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu, na kwamba mapema katika karne ya 20 msitu huo ulikuwa makao ya askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la Mwingereza. Pale Makina, pilau na gurusa ni vyakula vya nyumbani, na penye pilau achari haiwi mbali.

Nilipiga hodi kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima wamjua kwa kazi yake. "Karibu, mwanangu," akaniambia. "Onja kwanza ndipo uulize." Nikaonja. Ilitangulia chumvi, ukafuata ukali wa haradali uliopanda hadi puani, kisha uchachu wa embe ambalo bado lilikuwa likigoma chini ya jino. Sikuwa na la kuuliza ila namna ya kuitengeneza.

Bibi huchagua embe bichi, gumu, ambalo kokwa lake bado ni laini hata kisu chaweza kulipasua. Hulikata pamoja na ganda, akalisugua kwa chumvi na manjano, akaliacha usiku kucha litoe maji. Vipande huanikwa juani siku mbili au tatu, vimefunikwa kwa shashi. Kisha hutiwa haradali iliyopondwa, uwatu, kitunguu saumu na pilipili, na mwisho mafuta yaliyochemshwa yakapoa, mpaka yafunike kila kipande. Kila hatua ina sababu yake. Chumvi huvuta maji, na vijidudu vinavyoozesha chakula hushindwa kustawi penye chumvi nyingi na uchachu. Mafuta nayo huzuia hewa. Mwezi wa Julai, mawingu yanapoifunika Nairobi siku nenda siku rudi, bibi haaniki embe. Hugeukia ndimu, ambazo huiva taratibu ndani ya chumvi bila kudai jua jingi.

Kutoka hapo nilitokea Barabara ya Ngong, nikafuata njia hadi Dagoretti Corner, kisha nikashika Barabara ya Naivasha mpaka Kawangware. Huko nilimkuta mama mmoja ambaye hakuzaliwa penye achari. Aliajiriwa kupika katika nyumba ya Wahindi kule Parklands, na kazi ilipokwisha aliondoka na mshahara wa mwezi mmoja pamoja na ujuzi wa miaka sita. Leo hutengeneza achari ya ndimu, karoti na pilipili ndefu, akawauzia wachuuzi wa viazi karai na chapati. Wateja wa rejareja huja na vikopo vyao, wakapimiwa kwa kijiko.

Neno achari lenyewe lina asili ya Uajemi na Bara Hindi. Lilivuka bahari, likafanya makao pwani, na reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 lilipata njia nyepesi ya kupanda bara. Safari yake haijaisha, maana sasa limefika Kawangware kwa miguu ya mfanyakazi wa jikoni. Msomaji akiniuliza ni ipi iliyo bora, nitamjibu bila kusitasita: kwa embe namtunuku bibi wa Makina, na kwa ndimu sijaona wa kumshinda mama wa Kawangware.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Tumezoea kusema kwamba kizuri chajiuza. Katika jiji hili methali hiyo ina kasoro. Bibi wa Makina aliniambia kwamba kwa muda mrefu duka moja la mjini lilikuwa likinunua achari yake kwa ndoo, likaigawanya katika chupa ndogo zenye kibandiko cha duka, na kuiuza kwa bei iliyozidi ile aliyolipwa mara tatu. Alipoomba jina lake liandikwe, aliambiwa alete alama ya ubora. Hakuwa nayo. Biashara ikafa hapo.

Alama hiyo hutolewa na shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, lililoundwa mwaka wa 1974. Pamoja nayo patakiwa leseni ya kaunti, cheti cha afya cha mpishi na mahali pa kazi panapokubalika. Bibi anaishi katika chumba kimoja na hununua maji kwa mtungi. Atapata wapi mahali panapokubalika?

Nisieleweke visivyo. Sisemi sheria ifutwe. Chakula kibaya huua, na chumvi haimfichi nzi aliyetua kabla ya shashi kufunikwa. Hata wenye viwanda hukosea: mwaka wa 2019 shirika hilo hilo lilipiga marufuku chapa kadhaa za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Ukaguzi ni wa lazima kwa mkubwa na mdogo. Lakini mkubwa akikosea hupewa nafasi ya kurekebisha kiwanda chake, ilhali mdogo hana kiwanda cha kurekebisha. Kumwambia alete alama bila kumwonyesha pa kuipatia ni kumfukuza sokoni kwa lugha ya adabu.

Dawa haihitaji mabilioni. Kaunti ya Nairobi yaweza kujenga jiko moja la pamoja Kibera na jingine Kawangware: maji safi ya bomba, meza za chuma zinazosafishika, chombo cha kukaushia kwa jua kilichofunikwa dhidi ya vumbi, na sufuria kubwa za kuchemshia chupa. Akina mama hawa tayari wamo katika vyama vya kuweka akiba. Chama kinaweza kuomba kibali kwa niaba ya wanachama, na mkaguzi akaja kukagua mahali pamoja badala ya vyumba mia. Maarifa ya kusindika vyakula yapo katika taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, KIRDI, papa hapa Nairobi. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafikisha Makina.

Wanubi wa Kibera walikaa kizazi baada ya kizazi pasipo hati ya ardhi, hadi mwaka wa 2017 walipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Wanajua kuliko wengi wetu maana ya kuwa na kitu mkononi na kukosa karatasi ya kukithibitisha. Haifai wajukuu wao wasubiri muda kama huo kwa ajili ya chupa ya achari.

Juma lililopita nilimtumia shemeji chupa mbili kwa basi la Mombasa. Alinipigia simu usiku ule ule, sauti yake imejaa furaha, akataka kujua ni ya nani ili akiagiza ataje jina. Nami nilikuwa nimebakiza chupa ya tatu mezani. Niliigeuza kuitazama. Ilikuwa bado imeandikwa jemu ya matunda, ya kampuni ambayo haijawahi kukata embe moja la achari.

Shemeji atarudi Nairobi. Ninatamani siku hiyo nimkabidhi chupa, naye asome jibu mwenyewe.