Kitovu, Sabuni na Maji: Haki za Mtoto Zinaanza Siku ya Kwanza

Kuna raia mmoja wa nchi hii ambaye hana kitambulisho, hana kura, na hana simu ya kurekodi anavyodhulumiwa. Ana siku moja tu duniani. Akikosewa hawezi kueleza: atalia kidogo, atakataa ziwa, kisha atanyamaza. Leo tunamzungumzia huyo.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS wa 2022, ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza. Wanaofariki kabla ya kutimiza miaka 5 ni 41. Yaani karibu nusu ya watoto wadogo tunaowazika, tunawazika katika mwezi huo mmoja. Wengi wao huondoka kwa mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hili la tatu, sehemu yake kubwa inazuilika kwa sabuni, maji safi, wembe mpya na kitambaa kikavu. Kwa hivyo mtoto akifa kwa uchafu, tusikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu tukaendelea na maisha, kabla hatujauliza maji yalikuwa wapi.

Ngozi ya mtoto mchanga ndiyo ukuta wake wa kwanza, na ukuta wenyewe bado mbichi. Ni nyembamba, inapasuka upesi, inapoteza maji na joto haraka. Kwa aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ni dhaifu zaidi. Juu yake kuna ule utando mweupe kama siagi anaozaliwa nao. Wengi tunauona uchafu, kumbe ni kinga: unashika unyevu na una vitu vinavyopambana na vijidudu. Halafu kuna kitovu, ambacho ni kidonda kibichi kilicho wazi siku kadhaa, na njia yake inaelekea moja kwa moja kwenye damu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtoto wa siku mbili, ufa ukiachwa hakuna wakati wa kujenga ukuta. Maambukizi yanaweza kumaliza kazi kwa saa chache.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko wengi wetu tuna sauti.

Kwanza, kuoga. Mtoto akizaliwa anapanguswa akauke, anawekwa kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi, anafunikwa na kuanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kuoga kungoje angalau saa 24. Ukimwogesha mapema unamwondolea utando wake na unamtia baridi, na baridi kwa mtoto mchanga si jambo dogo. Kama baba anataka kumwadhinia, amwadhinie papo hapo kifuani kwa mama. Kupanguswa kwa kitambaa safi kunatosha.

Pili, kitovu. Kikatwe kwa wembe mpya ama mkasi uliochemshwa, kifungwe kwa kifungio safi, kisha kiachwe kikavu. Nepi ikunjwe chini yake, isikifunike. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, mate, mafuta ya gari: hakuna hata kimoja kinachokausha kitovu, vyote vinapeleka vijidudu ndani. Kitaanguka chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja ama mbili.

Kuna pia jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1, dawa ya kupaka kitovuni. Tuiseme kwa haki. Utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa 2006 uliona kwamba dawa hiyo inapunguza vifo. Lakini utafiti mkubwa uliofanywa Pemba, kwa jirani zetu hapa, uliochapishwa 2016, haukuona tofauti ya kutegemewa kwa vifo. Ndiyo maana WHO sasa inaishauri hasa kule ambako watu bado wanapaka vitu vya hatari kitovuni. Ukipewa na muuguzi, fuata alivyokuelekeza, na ushike hili moja: ni ya kitovu, si ya macho. Kuna watoto Afrika walioharibiwa macho kwa sababu mtu alidhani ni dawa ya macho.

Tatu, urembo. Hapa Pwani tunapenda mtoto apendeze, na hakuna ubaya kupenda. Lakini wanja machoni mwa mtoto unaingiza vijidudu, na wanja mwingine una madini ya risasi ambayo yanadhuru ubongo. Hina nayo ina siri yake. Kuna upungufu wa kurithi kwenye damu unaoitwa G6PD, unaopatikana zaidi sehemu zilizozoea malaria kama Pwani yetu, na unawakamata zaidi watoto wa kiume. Mtoto mwenye upungufu huo akipakwa hina, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akageuka manjano na kuishiwa damu. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini vinaweza kuleta shida hiyohiyo, kwa kuvuta tu harufu iliyobaki kwenye nguo. Kwa hivyo nguo na leso za mtoto zifuliwe, zikaushwe juani, wala zisitolewe kabatini na kuvalishwa moja kwa moja. Poda pia iacheni: inaingia mapafuni.

Nne, sunna zetu za mtoto mchanga. Hakuna anayesema ziachwe. Anayemfanyia mtoto tahniki anawe mikono kwa sabuni kwanza, na mwenye kikohozi, homa ama vidonda vya mdomo ampishe mwingine. Kiasi kiwe cha kugusisha tu, si cha kumlisha. Siku ya kunyoa nywele za akika, wembe uwe mpya, wa mtoto huyo peke yake, na maji yawe safi. Kama mtoto ni mdogo sana ama mgonjwa, muulizeni daktari na shekhe wenu kabla ya kupitisha wembe. Dini iliyotufundisha twahara kabla ya kusimama kwenye swala haiwezi kuona uzito kuosha mikono kabla ya kushika kichanga.

Tano, mikono yenyewe. Nyumba ya mzazi hujaa wageni, na kila mgeni anataka kumbeba. Wekeni mtungi wa lita 5 wenye tundu na kipande cha sabuni mlangoni. Kijana wa kiume, hiyo kazi ni yako. Usione aibu kumwambia mjomba wako, kwa adabu: "Mjomba, nawa kidogo ndio umbebe." Hatakasirika, na akikasirika atapoa.

Najua mtauliza: tutamwambiaje nyanya? Yeye amelea watoto wanane, amepaka majivu, na wamekua. Msibishane naye mbele za watu, wala msimwite mshamba. Nyanya alipaka majivu kwa sababu aliona kidonda kina maji akataka kikauke. Nia yake na ya muuguzi ni moja. Mwambieni, "Bibi, hata hospitali wanataka kikauke, ila wanasema kikiachwa wazi kinakauka vizuri zaidi." Halafu mpeni kazi ambayo hakuna anayemshinda: kumsaidia mama kunyonyesha, na kumshika mtoto apate joto.

Na joto hilo lina historia. Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, hospitali ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunza. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Leo tunaita njia ya kangaruu. Utafiti wa WHO uliochapishwa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba njia hii ikianzishwa mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja mtoto atulie, vifo vya watoto wadogo sana vilipungua kwa asilimia 25, na maambukizi ya damu nayo yakapungua. Ngozi ya mama inamgawia mtoto vijidudu vyema vya nyumbani kabla vile vibaya vya wadi havijamfikia. Baba pia ana kifua. Mama akichoka, vua shati.

Lakini tusidanganyane. Familia haiwezi kubeba kila kitu. KDHS hiyohiyo ilionyesha kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 sasa wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Tumewaambia kina mama waende hospitali, na wameenda. Sasa swali linarudi kwa anayesimamia hospitali: je, huko wanakokwenda mfereji unatoa maji? Sabuni iko? Muuguzi mmoja anayezalisha wanawake watano usiku ananawa wapi kati ya mmoja na mwingine? Mama anayeambiwa aje na maji yake kwenye jerikeni anahudumiwa, ama anahurumiwa?

Hayo si maombi ya sadaka. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na haki ya maji safi ya kutosha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya matibabu. Dispensari na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, kwa hivyo mnajua mlango wa kubisha. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanapelekwa bungeni kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na lazima wananchi washirikishwe. Kwenye vikao hivyo vijana huenda kuuliza barabara na viwanja vya mpira. Ulizeni pia tanki la maji la wadi ya wazazi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuitisha habari: andika barua, uliza kituo chenu kimetengewa pesa ngapi za maji na usafi, na zimetumikaje. Tena tangu 2023 kuna sheria inayoruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya. Basi kamati ya kituo ieleze sabuni imekosekana vipi.

La mwisho lisisahaulike. Mtoto akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 ama zaidi kwa dakika, mbavu zikibonyea, akiwa na joto la 37.5 ama zaidi ama akiwa baridi sana, akilegea, akigeuka manjano siku ya kwanza ama viganja na nyayo zikawa manjano, au kitovu kikawa chekundu kuzunguka, kikanuka na kutoa usaha: usingoje asubuhi, usingoje baba arudi, usianze na dawa ya mizizi. Peleka mtoto hospitali saa hiyo hiyo. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, pesa ziwe zipo ama hazipo. Wakikurudisha mlangoni, andika jina la kituo, saa na aliyekuhudumia, kisha tafuta msaada kituo kingine mara moja. Malalamiko tutayafuata pamoja, mtoto akiwa salama.

Kwa hivyo wiki hii fanyeni mambo mawili. Nyumba iliyo na mjamzito, nunueni wembe mpya, sabuni na leso mbili safi, viwekwe kando mapema. Halafu kundi la vijana watatu ama wanne liende kwenye dispensari ya mtaa, liingie kwa adabu, liombe ruhusa ya msimamizi, na lifungue mfereji wa wadi ya wazazi. Kama hautoi maji, hapo ndipo barua yenu kwa kaunti inapoanzia.