Kumbe kitambi cha Chausiku ni maji!

Wiki hii mnivumilie, sina ya mapenzi wala ya disko. Nina ya paka.

Paka wangu, Chausiku, ana miaka 12, yaani kwa paka huyo ni bibi kizee. Miezi michache nyuma tumbo likaanza kumtuna. Wapangaji wenzangu hawakukawia: "Dada, bibi ana mimba huyo!" Mwingine akadakia: "Mimba wapi! Dagaa hizo." Nami kichwa kikavimba, nikajiona najua kulisha. Kumbe tumbo linakua huku mgongo unakonda, na maji anakunywa kama katoka jangwani. Yote niliyaona, nikanyamaza.

Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, alimbonyeza tumbo, Chausiku kimya, wala haumii. Akampiga altrasaundi, akanionyesha: figo zote mbili zimezungukwa na maji, yamejaa kati ya figo na ngozi nyembamba inayoifunika. Akaniambia haya si yale malengelenge ya kurithi yanayoota ndani ya figo, yanayowasumbua sana paka wa Kiajemi. Haya yanakaa nje ya figo, na wanaopatwa zaidi ni paka wazee ambao figo zao zimeshaanza kuchoka.

Akayavuta kwa sindano. Tumbo likanywea, mimi vigelegele! Dokta akanituliza: "Usishangilie, dada. Yatarudi."

Na kweli, wiki chache tu yakarudi. Ipo operesheni ya kuikata ile ngozi ili maji yasijikusanye tena, lakini figo zenyewe haiziponyi. Vipimo vya damu vilionyesha za Chausiku ziko hoi, na kumlaza kwenye kisu nikaogopa. Tukakubaliana: chakula cha wagonjwa wa figo, maji ya kunywa muda wote, na sindano tumbo likimlemea. Atakaa nami muda gani? Hilo liko kwenye figo, si kwenye tumbo.

Kinachoniuma ni ile miezi niliyokuwa nasifia kitambi. Ndugu yangu mwenye paka mzee, kabla hujamsifia tumbo, mpapase mgongo. Ukikuta mifupa, usingoje majirani wamalize kubishana. Mbebe, mpeleke.

Chausiku yuko hapa miguuni, anawasalimu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.