Msumari mfupi, kichwa kipana

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliropoka kwamba mimi na Baba tumeezeka paa lilelile mara mbili ndani ya miezi saba, na nyie mkanijazia meseji: mara mbili kwa nini? Haya. Leo safu yetu ni ya misumari. Msikimbie, kuna na kesi ya familia ndani yake.

Baba ana kibanda kwenye bustani za koloni, kusini mwa Stockholm. Kama hujawahi kufika, koloni ni vipande vidogo vya ardhi vya kulima, kila kimoja na kijumba chake. Chama cha bustani hizo hapa Stockholm kilianza mwaka 1906, na mama mmoja anayeitwa Anna Lindhagen ndiye aliyelisukuma jambo hilo, ili watu wa kazi waliobanana kwenye vyumba vya mjini nao wapate pa kupanda viazi. Baba anaendesha basi na anakaa ghorofa ya nne. Amepanda mchicha na maboga. Naona anafaa kabisa.

Sasa, kabla ya basi, Baba alikuwa fundi Tanga. Alikuwa anapaua na kuezeka. Mimi nilikuwa sijui hata kama ni vitu viwili. Kupaua ni kusimamisha mbao za paa, kenchi na kadhalika. Kuezeka ni kufunika, kwa makuti, mabati au vigae. Hilo nimejifunza mwaka huu, na nina miaka ishirini na sita.

Mwaka jana Oktoba tuliamua kubomoa paa la zamani. Mpango wa Baba ulikuwa mabati, na mabati ya hapa hayawekwi hivihivi. Chini yake kuna mbao zinazoshikana ulimi na mfereji, juu ya mbao inatandikwa karatasi nzito ya lami ambayo dukani wanaiita underlagspapp, halafu ndiyo fito, halafu bati. Baba aliuliza karatasi ya nini wakati bati lenyewe halivuji. Nikamweleza nilichosoma: usiku wa baridi bati linatoa jasho kwa chini, na jasho likidondokea mbao kila siku, mbao zinaoza. Karatasi inalipokea lile jasho na kulitelezesha hadi nje. Ni paa la pili ambalo halionekani.

Hapo nilikuwa sawa. Nilipokosea ni kwenye kuishika.

Nilikuwa nimeangalia video nyingi za Marekani. Jamaa anatembea juu ya paa na stepla ya nyundo, unaigonga tu, pap pap pap, dakika kumi upande mzima umeisha. Nikanunua stepla na pini. Baba akachukua pini moja, akaikunja kwa vidole viwili, akaniangalia.

"Hii ndiyo ishike paa, mama?"

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyofanya. Akanyamaza. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana najua wengi wenu mnalijua hili: Baba hakunyamaza kwa sababu ameridhika. Alinyamaza kwa sababu tulikuwa dukani, muuzaji anaongea Kiswidi haraka, na tangu nina miaka tisa mimi ndiye ninayeongea dukani, benki na hospitali. Nikishaongea mimi, basi. Mtu aliyeezeka nyumba sijui ngapi akamwachia stepla binti ambaye hajawahi kupigilia hata kabati.

Ambacho sikukielewa kwenye zile video ni kwamba wale wanafunika karatasi yao upesi, pengine siku ileile. Pini inaishikilia kwa muda tu. Sisi tulitandika karatasi, giza likaanza kuingia saa kumi jioni, Baba akapangiwa zamu za wikendi, mabati yakabaki chini ya turubai hadi msimu mwingine. Novemba upepo ukaja. Pini haina kichwa kipana, ina miguu miwili myembamba tu, kwa hiyo karatasi ilichanika kuzunguka kila pini na kubaki na matundu.

Machi tulipofungua kibanda, maji yalikuwa yameingia kwenye sanduku la Mama. Humo kulikuwa na kanga za bibi, mzaa mama, alizozileta Mama kutoka Pangani. Ukungu mweusi kwenye mikunjo yote. Mama hakugomba. Alizifua, akazianika kwenye balkoni, na kwa siku mbili hakuongea na mtu yeyote pale nyumbani. Tano ziliokoka. Mbili zilichanika mkononi.

Kwa hiyo Mei tukaanza upya, na safari hii nilimwambia Baba: wewe amua, mimi natafsiri tu.

Dukani alisimama mbele ya rafu ya misumari karibu nusu saa. Kilichomvutia ni pappspik, msumari wa karatasi ya lami: mfupi, milimita 20, mwili wa milimita 2.8, na kichwa kikubwa bapa. Akafurahi kama amemkuta ndugu yake. "Huyu ni kama msumari wa bati wa kwetu," akasema. "Kule una kofia, huku una kichwa kipana. Kazi ni ileile, kuikandamiza karatasi isichanike." Akauliza kama umechovywa kwenye zinki au umepakwa tu. Tanga upepo wa bahari unakula msumari mwembamba kabla hujamaliza deni la mabati. Tukachukua wa kuchovywa kwenye zinki ya moto, ambao ngozi yake ni nene zaidi.

Halafu akaona kitu ambacho mimi nisingekiona kamwe. Mbao zetu za paa zilikuwa nyembamba, milimita 17. Karatasi na mbao pamoja hazifiki 20, kwa hiyo ncha ya msumari itachungulia kwa chini. Ndani ya kibanda siyo neno, lakini kwenye ukingo wa paa, pale linapotokeza nje ya ukuta, ukiinua macho unaona ncha zimejipanga kama meno. Tukabadilisha mbao za ukingoni tukaweka nene. Kumbe mafundi wa hapa nao hufanya hivyohivyo.

Vifaa vingine vilikuwa vichache. Nyundo ya kawaida. Uzi wa chaki wa kupigia mstari ulionyooka. Futi. Kisu chenye wembe uliopinda kama ndoana, kwa sababu wembe ulionyooka unakata karatasi na kuchana iliyo chini yake. Nilipendekeza tukodi bunduki ya misumari na kompresa. Baba akauliza eneo ni mita ngapi za mraba, nikamwambia, akacheka. Kwa paa kubwa ingefaa. Lakini upepo wa mashine ukizidi, kichwa kinazama na kuikata karatasi. Ukipungua, kichwa kinabaki juu na kutoboa karatasi inayofuata. Kwa mkono unahisi kila msumari umekaa vipi.

Karatasi yetu imeandikwa 2500, maana yake gramu kwa kila mita moja ya mraba. Bunda la mita 15 linakaribia kilo 38. Goti la Baba halitaki mchezo, kwa hiyo tulikata vipande chini na mimi nikapanda navyo. Ngazi tuliifunga kwa kamba, nami nikavaa mkanda. Kwa wafanyakazi, Arbetsmiljöverket inadai kinga ya kuanguka kuanzia mita 2. Kibanda ni chetu, lakini mifupa ni ileile.

Tulianza ukingoni kwenda juu, kila mstari ukilalia ule wa chini kwa sentimita 10, ili maji yasikute mdomo wazi. "Kama makuti tu," Baba akapaza sauti kutoka chini. Tulipigilia kwenye malalio, msumari kila baada ya sentimita 10, kama karatasi ya maelezo ilivyosema. Kisha fito nyembamba za kushuka na mteremko, ili maji yapite katikati yake, halafu fito za kulala za kubebea bati.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Kwetu msumari wa bati unapigwa mgongoni, pale juu ambapo maji hayapiti. Maelezo ya bati letu yalisema skrubu ziingie bondeni, bati linapogusa ubao. Baba akaona ni wazimu, kutoboa tundu katikati ya njia ya maji! Nikamsomea sababu neno kwa neno: bondeni skrubu inakaza bati kwenye ubao bila kulibonyeza, na mpira wake unaziba tundu. Akafikiri.

"Na mpira ukichoka?"

Nikaanza kutafuta jibu kwenye simu. Akanizuia kwa mkono.

"Basi maji yatakuta karatasi," akasema. "Haya, bondeni."

Tulimaliza Jumapili jioni. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi nikapanda treni kwenda kuangalia. Pakavu. Baba alikuwa ameshafika kabla yangu, amekaa na chai yake. Akasema kuna kitu kimoja tu hakijamfurahisha: mbao na karatasi zimemeza sauti, mvua haisikiki kama ya Tanga. Mama amelirudisha sanduku kibandani. Kanga hajazirudisha. Ameweka mbegu na glavu, na sijamuuliza.

Kwa anayetaka kujaribu: jiulize kwanza msumari unashika nini, kwa muda gani, na ncha yake itatokea wapi. Na kama nyumbani kuna mtu anayeijua kazi hiyo kwa Kiswahili, muulize kabla hujalipa, siyo baada ya kuvuja.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mada za kistaarabu. Hadi hapo, muulize mzee wako mmoja paa la nyumba aliyokulia liliezekwa na nini, na nani alipanda juu. Rekodi sauti, tutumie. Tutasikiliza zote.