Wimbo wa Sontonga Si wa Wizi

Ndugu zetu wa ughaibuni, kila Desemba 9 tunasimama kwenye kumbi za kukodi tukaimba "Mungu Ibariki Afrika". Na kila mara hakosekani mjuaji mmoja, soda mkononi, wa kutuarifu kwamba sauti yake imeibwa kwa Wazungu: eti ni "Aberystwyth", ya Joseph Parry wa Wales, iliyochapishwa mwaka 1879. Tumechoka!

Tunawauliza hawa wajuaji: mmezisikiliza zote mbili? Ya Parry iko kwenye maina, ile ngazi ya majonzi. Ya Enoch Sontonga ni meja. Mwanakwaya yeyote atazitofautisha kabla ubeti haujaisha. Kwamba Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alikulia kwenye tenzi za kanisa, nani anakataa? Na Parry je, hakujifunza kwa waliomtangulia? Mbona yeye haitwi mwizi? Mwafrika tu ndiye hudaiwa risiti.

Sontonga aliutunga wimbo huu 1897, akafariki 1905. Hakuuona ukifunga mkutano wa 1912 uliozaa chama cha ANC, wala hakusikia Sol Plaatje akiurekodi London mwaka 1923. Kaburi lake lenyewe lilipotea miaka mingi. Ni 1996 tu ndipo lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Tanganyika ilishauchukua tangu 1961, kwa maneno ya Kiswahili.

Kamati za sherehe huchapisha jina la DJ na la mpishi wa pilau. Desemba ijayo tunazidai zichapishe na la Sontonga, tena juu kabisa.