Mungu Asiyekataliwa

Mwaka 1989 Mwingereza Peter Molyneux alikuwa ametamba na Populous, mchezo wa kompyuta uliomkalisha mchezaji kwenye kiti cha mungu wa kijiji. Mwishoni mwa 2012 aliomba michango ya umma atengeneze mwingine wa aina hiyo, Godus, akapata zaidi ya pauni 500,000. Ulipotoka mwaka 2013, na kwenye simu mwaka uliofuata, waliochanga walilalamika kwamba wamechezewa. Lawama nyingi zimeangukia ahadi hewa, na zinastahili: kijana wa Edinburgh aliyeahidiwa kuwa mungu wa miungu na kugawiwa mapato aliachwa akisubiri. Lakini hata ahadi zote zingetimizwa, mchezo ungechosha vilevile, kwa sababu kasoro yake kubwa imo ndani ya wafuasi.

Mchezaji wa Godus hukokota tabaka za udongo kwa kidole mpaka ardhi isawazike, na wafuasi huja kujenga. Baada ya muda kiputo cha waridi huibuka juu ya nyumba. Hiyo ndiyo imani, na mungu hupita paa kwa paa akiipasua ili apate nguvu ya kukokota udongo zaidi. Imani hiyo hujaa kwa mwendo wa saa, si kwa kutazama mungu katenda nini. Mwenye enzi amegeuzwa karani wa kodi ya kibanda! Mashabiki watajibu kwamba wamo Waastari, majirani wanaoweza kuwavuta wafuasi wasio na furaha. Ni kweli, ila kuhama huko hakubadili kazi ya kutwa nzima: viputo ni vilevile.

Linganisha na Unyamwezi wa kale, katika eneo la Tabora. Mtemi alihesabiwa kuwa na mkono katika mvua na mavuno, na afya yake iliaminika kushikamana na afya ya nchi. Kwa hiyo mvua ilipogoma, aliyeulizwa ni yeye. Angeweza kuondolewa, au watu wakafunga mizigo wakahamia kwa mtemi mwingine. Kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, tajiri mwenye bunduki na majora ya vitambaa alimtegemea mpagazi ambaye, posho ikipunjwa, aliweza kutua mzigo na kutoroka usiku. Hapo ndipo mkakati unapozaliwa. Kila amri ilikuwa kamari, maana aliyeamriwa naye alikuwa akipiga hesabu zake.

Wapo watakaosema mtemi na tajiri walikuwa binadamu, na Mungu mwenyezi hafanyi kamari na mtu. Hoja hii ina uzito, lakini haiuokoi mchezo. Nje kidogo ya mji wa Tabora, pale Kipalapala, ipo seminari kuu ya Mtakatifu Paulo, na teolojia ya Kikatoliki wanayosomeshwa mapadre wa kesho inafundisha kwamba Mwenyezi huyohuyo alimuumba mtu na hiari, pamoja na uwezo wa kumkatalia. Basi mila ya Kinyamwezi na katekisimu, zilizovutana kwa miaka mingi katika nchi hiyo moja, zote hazimjui mwamini wa namna ya Godus.

Anayebofya simu kwenye daladala ili apumzishe akili hana kosa, na mchezo wa kulima bustani ungemfaa kwa hilo bila kutajiwa uungu. Kinachokera ni kwamba Molyneux alilijua jibu. Katika Black & White ya mwaka 2001, iliyoongozwa na yeye mwenyewe, wanakijiji walioonyeshwa muujiza uleule mara kwa mara waliuzoea, imani waliyotoa ikapungua, na mungu akalazimika kutafuta la kuwashtua upya.